Kahawa ya Kigali: kati ya mkahawa wa matawi mengi na duka la kahawa maalum, mfanyabiashara asimame wapi?

KIGALI – Basi la usiku kutoka Kampala likishusha abiria Nyabugogo, mfanyabiashara mwenye mizigo yake ana mahali patatu pa kutafuta kitu cha moto. Karibu na kituo kuna migahawa ya chai ya maziwa yenye tangawizi, chapati na mandazi. Akipanda kuelekea katikati ya jiji atakutana na mikahawa yenye matawi mengi na migahawa ya chakula cha haraka, ambako kahawa ni mstari mmoja tu katika orodha ndefu ya kuku, chipsi na baga. Na akifika mitaa kama Kimihurura atayaona maduka madogo ambamo kahawa ndiyo bidhaa yenyewe, na mhudumu humweleza mteja kilima ilikovunwa na kituo ilikooshwa.

Kwa mnywaji, tofauti ya sehemu hizi ni suala la ladha na bei. Kwa anayeishi kwa kuvuka mipaka, jambo lina uzito mwingine. Mkahawa wa matawi mengi na duka la kahawa maalum wote ni wanunuzi, lakini hawanunui kitu kimoja, hawalipi kwa namna moja na hawadai karatasi zilezile. Anayewachanganya wanunuzi hawa wawili anaweza kupoteza mtaji wake kabla hajafika Gatuna.

Nchi ya kahawa inayokunywa chai

Wageni wengi hushangaa kusikia kwamba Wanyarwanda walio wengi ni watu wa chai. Kahawa iliingia nchini mwanzoni mwa karne iliyopita kupitia wamisionari wa Kijerumani, na mwaka 1904 ndio unaotajwa kuwa wa miche ya kwanza pale Mibirizi, katika Wilaya ya Rusizi ya leo. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwalazimisha wakulima kuipanda. Tangu mwanzo, basi, kahawa ilikuwa mali ya kuuzwa nje ili kupata fedha za kodi. Mkulima aliivuna, akaiuza, kisha akarudi nyumbani kunywa kitu kingine.

Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa mauzo ya kahawa kwa viwango yalivunjika, bei ikaanguka na wakulima wengi wakaacha kuitunza mikahawa yao. Miaka mitano baadaye yakaja Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa na vituo viwili tu vya kuoshea kahawa. Kahawa ya Rwanda ilimenywa kwa mikono nyumbani, ikakaushwa popote na kuuzwa kwa bei ya chini kama kahawa ya kawaida.

Mabadiliko yalianzia kusini. Ushirika wa Abahuzamugambi wa Maraba, Wilaya ya Huye, uliundwa mwaka 1999, na wengi wa wanachama wake walikuwa wajane na manusura. Kwa msaada wa mradi wa PEARL, uliofadhiliwa na Marekani, walijenga kituo cha kuoshea na kujifunza kuchambua tunda moja moja. Mwaka 2003 kahawa ya Maraba ilikuwa kwenye rafu za maduka ya Sainsbury's nchini Uingereza. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya Cup of Excellence, ambayo majaji huonja kahawa na kuipa alama. Leo nchi ina vituo vya kuoshea zaidi ya 300.

Historia hii inaeleza kwa nini Kigali ina maduka ya kahawa maalum wakati majirani wenye mashamba makubwa zaidi walichelewa kuyapata. Rwanda haiwezi kushindana na Uganda kwa wingi wa magunia. Iliamua kushindana kwa alama.

Mikahawa ya matawi ilivyovuka mipaka

Upande wa pili wa soko uliletwa na ujumuiya wenyewe. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na Rwanda ikaanza kutumia Umoja wa Forodha Julai 2009. Soko la Pamoja likafuata mwaka 2010. Kampuni zenye mtaji ziliisoma ramani hiyo mapema.

Java House, iliyofungua mlango wake wa kwanza Nairobi mwaka 1999, ilikua hadi kuvuka mpaka kuingia Uganda, kisha Rwanda. Njiani imebadilisha wamiliki: mfuko wa uwekezaji wa ECP uliingia mwaka 2012, Abraaj ikaichukua mwaka 2017 na Actis mwaka 2019. Mabadiliko hayo yana somo. Wawekezaji hao hawakuvutwa na aina fulani ya kahawa. Walinunua mfumo wa matawi unaoweza kurudiwa katika jengo lolote la biashara, kuanzia viti na orodha ya vyakula hadi ladha isiyobadilika. Hata jina lina thamani: Java House ya Nairobi na CafeJavas ya Kampala, ambazo hazina udugu wowote, zilifikishana mahakamani kwa ajili ya neno “Java”.

Kigali nayo ilikuwa na mnyororo wake. Bourbon Coffee ilianza mwaka 2007 chini ya Arthur Karuletwa kwa wazo kwamba nchi inayolima kahawa ijifunze pia kuikaanga na kuiuza kikombeni. Baadaye ilifungua matawi hadi Washington. Bourbon ilionyesha kwamba mkahawa wa matawi na kahawa ya asili inayojulikana si lazima viwe maadui. Baada ya hapo zikaja chapa za kimataifa za kuku na baga, KFC ikiwa miongoni mwake, pamoja na mikahawa ya wenyeji inayouza mikate, keki na kahawa chini ya paa moja.

Katika kundi la kahawa maalum, jina linalotajwa sana ni Question Coffee, iliyotokana na mpango wa Sustainable Growers wa kuwafundisha wakulima wanawake, unaofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies. Hapo mteja hanunui kikombe tu, kwani anaweza kufundishwa kuonja, kuona kahawa ikikaangwa na kuondoka na pakiti yenye jina la ushirika. Nyuma yake kuna maduka mengine madogo ya wakaangaji wa Kigali, baadhi yakiwa na meza tano au sita tu.

Tofauti iko wapi kikombeni

Neno “kahawa maalum” si sifa ya mdomoni. Katika biashara lina kipimo: kahawa iliyoonjwa na waonjaji waliofuzu na kupata alama 80 au zaidi kati ya 100, bila kasoro kubwa katika punje zake. Chini ya hapo ni kahawa ya kibiashara, hata ikiwekwa kwenye pakiti ya dhahabu.

Mkahawa wa matawi mengi unatafuta ladha isiyobadilika. Mteja aliyekunywa kapuchino Jumatatu katika tawi moja anataka aikute vilevile Ijumaa katika tawi lingine. Kwa hiyo mnunuzi wa kampuni huchanganya kahawa za mashamba tofauti, hukaanga hadi rangi nzito, kisha maziwa na sukari humalizia kazi. Rangi nzito hufunika tofauti za msimu na za shamba. Baadhi ya wachanganyaji huongeza robusta, ambayo hutoa povu zito na uchungu unaopenya katika maziwa.

Duka la kahawa maalum hutaka tofauti hizo zionekane. Hukaanga kwa rangi nyepesi zaidi ili tindikali na harufu za tunda zibaki, na hutumia kahawa ya kituo kimoja, wakati mwingine ya siku moja ya mavuno. Kikombe cha leo hakitafanana na cha mwezi ujao, na mteja hulipa kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, si kweli kwamba duka dogo hushinda kila mara. Mwaka 2007 jarida la Consumer Reports la Marekani lilionja kahawa nyeusi ya minyororo mikubwa, na McDonald's ikaibwaga Starbucks. Mpenzi wa kahawa aliona aibu, lakini mfanyabiashara wa bidhaa zinazoharibika anaelewa haraka. Kahawa ya kukaanga huanza kupoteza harufu baada ya wiki chache, na iliyosagwa hupoteza ndani ya siku. Tawi lenye foleni humaliza mfuko kabla haujazeeka. Duka lenye wateja kumi kwa siku linaweza kuwa na kahawa ya alama 87 iliyokaa rafuni miezi mitatu. Hapo alama hazimsaidii mtu.

Kuna pia kasoro ambayo ukanda wa Maziwa Makuu unaijua kuliko mahali pengine popote: ladha ya kiazi. Punje moja iliyoathirika, tatizo linalohusishwa na mdudu aitwaye antestia, inaweza kukipa kikombe kizima harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa. Hutokea Rwanda, Burundi na Kivu. Haionekani kwa macho baada ya kukaanga. Maduka maalum hupambana nayo kwa kuchambua punje kwa mikono na kunusa kila kipimo baada ya kusaga. Kazi hiyo ya mikono, ambayo mara nyingi hufanywa na wanawake katika vituo na maghala, ni sehemu kubwa ya bei ambayo mteja haioni. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hesabu ya kikombe kimoja

Kila mwaka Bodi ya Taifa ya Maendeleo ya Mauzo ya Kilimo Nje, NAEB, hutangaza bei ya chini ambayo kituo kinapaswa kumlipa mkulima kwa kilo ya matunda mabivu. Mwaka 2024 ilikuwa faranga 480. Mwaka 2025 ikapandishwa hadi 600, kufuatia soko la dunia ambako arabika ilivuka dola 4 kwa ratili mjini New York mwezi Februari, rekodi isiyowahi kuonekana, baada ya ukame kuipiga Brazil.

Faranga 600 zinafikaje kikombeni? Zinahitajika takriban kilo saba za matunda kupata kilo moja ya kahawa safi isiyokaangwa. Hiyo ni faranga 4,200. Kahawa hupoteza uzito ikikaangwa, hivyo kilo moja iliyokaangwa inahitaji karibu kilo 1.2 za kahawa safi, yaani faranga 5,040 za matunda. Espreso mbili katika kikombe kimoja hula gramu 18, hivyo kilo hiyo hutoa vikombe 55. Gawanya: mkulima amewekewa karibu faranga 92 katika kila kikombe.

Tuseme kikombe kinauzwa faranga 2,500. Sehemu ya tunda ni chini ya faranga nne katika kila mia. Zilizobaki zinakwenda kwa kituo cha kuoshea, kukoboa, usafiri, mkaangaji, maziwa, umeme, pango, mishahara, kodi, mashine iliyoagizwa kutoka nje na faida ya mwenye duka.

Hesabu hii inafunua mambo mawili. La kwanza ni kwamba duka la kahawa maalum linalojigamba kumlipa mkulima nusu zaidi ya bei ya chini linaongeza faranga 46 tu katika kikombe. Ni jambo jema na mkulima analiona mfukoni, lakini pengo kati ya kikombe cha bei nafuu na cha bei ghali halitokani na shamba. La pili ni kwamba mkahawa wa matawi unaosema hauwezi kununua kahawa bora kwa sababu ya gharama hauelezi yote. Hata kama ungelipia tunda mara mbili, kikombe kingepanda kwa faranga 92. Kinachouzuia zaidi ni ugumu wa kupata tani nyingi zenye ladha ileile mwezi hadi mwezi.

Kwa mfanyabiashara, maana yake ni hii: thamani huongezeka haraka sana baada ya moto wa kukaanga. Anayebeba kahawa ghafi anashindana na wasafirishaji wakubwa kwa faida nyembamba. Anayebeba pakiti zilizokaangwa yuko karibu zaidi na zile faranga tisini na sita zilizobaki katika kila mia.

Kumuuzia nani?

Mnyororo wa mikahawa ni mnunuzi mwenye nidhamu na asiye na haraka ya kulipa. Hutaka wingi, mkataba, sampuli inayolingana na mzigo, na ankara halali. Nchini Rwanda ankara hiyo ni ile inayotolewa kwa mfumo wa kielektroniki wa EBM wa Mamlaka ya Mapato. Asiyekuwa nayo hana la kuzungumza na idara ya ununuzi. Malipo huja baada ya wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Mfanyabiashara anayezungusha mtaji wake mara mbili kwa wiki kati ya Kigali na Mbarara hawezi kuufungia huko bila kuumia. Faida ya mnunuzi huyu ni kwamba akishakukubali, oda inajirudia, na si kahawa tu inayohitajika. Matawi hula maziwa, sukari, vikombe vya karatasi, viazi, kuku, mafuta ya kupikia na sabuni. Wengi wanaomtazama mnyororo kwa jicho la kahawa wanasahau kwamba kahawa ni sehemu ndogo ya manunuzi yake.

Duka la kahawa maalum ni kinyume. Oda ni ndogo, pengine kilo 20 au 60, lakini uamuzi unafanywa na mwenye duka mwenyewe, mara nyingi mezani baada ya kuonja. Haulizi kwanza bei. Huuliza kahawa ilivunwa lini, ilioshwa kituo gani, iko kwenye mwinuko wa mita ngapi na imehifadhiwaje. Jibu la “ni kahawa nzuri ya kwetu” humaliza mazungumzo. Duka kama hilo la Kampala, Nairobi au Dar es Salaam linaweza kupenda kuwa na kahawa ya Rwanda au ya Kivu kwenye rafu kama mgeni wa msimu, kwa sababu wateja wake huchoka na kahawa ya nyumbani. Hiyo ndiyo nafasi ambayo mfanyabiashara mdogo anaweza kuijaza bila lori.

Kuna mnunuzi wa tatu ambaye wengi humdharau, nayo ni migahawa ya chai. Mtaani Biryogo, Nyamirambo, ambako Kiswahili kimezungumzwa vizazi kwa vizazi, meza zimetandazwa barabarani tangu njia ilipofungwa kwa magari, na watu hukaa hadi usiku na chai zao. Pwani ya Tanzania na Kenya, kahawa nyeusi ya birika na kashata imelisha vijiwe kwa karne nyingi bila mashine ya dola elfu moja. Kagera watu hutafuna kahawa iliyochemshwa na kukaushwa kama ishara ya ukarimu. Ikiwa unywaji wa kahawa utaongezeka katika ukanda huu, ongezeko hilo halitatoka kwa wenye kompyuta za mapajani peke yao. Litatoka kwa kikombe ambacho dereva wa bodaboda anaweza kukilipia.

Mpakani: karatasi kabla ya gunia

Ndani ya Jumuiya, kahawa yenye asili ya nchi mwanachama haitozwi ushuru wa forodha. Inayotoka nje ya Jumuiya hukutana na Ushuru wa Pamoja, ambao tangu Julai 2022 una daraja la asilimia 35 linalogusa kahawa, chai na viungo. Kwa hiyo pakiti ya kahawa kutoka Ulaya inaingia Kigali ikiwa imebeba mzigo ambao pakiti ya Kampala au Nairobi haubebi. Ni faida kubwa, mradi uweze kuthibitisha asili.

Kwa mizigo midogo, Utaratibu Rahisi wa Biashara huruhusu bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 kupita kwa Cheti Rahisi cha Asili kinachotolewa mpakani hapohapo, kama bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa. Hapa wengi hujikwaa mara mbili. Kwanza, cheti hicho kinaondoa ushuru wa forodha, hakiondoi VAT wala masharti ya viwango. Pili, kahawa ghafi na kahawa iliyokaangwa hazitazamwi kwa jicho moja. Kahawa ghafi ni zao linalosimamiwa: NAEB nchini Rwanda, Bodi ya Kahawa nchini Tanzania, na nchini Uganda Wizara ya Kilimo, iliyochukua kazi za UCDA baada ya sheria ya mwishoni mwa 2024. Kulibeba bila leseni ni magendo, hata kama gunia ni moja na limetoka shambani kwa shemeji.

Kahawa iliyokaangwa na kufungwa inahesabiwa kuwa chakula kilichosindikwa. Inahitaji alama ya ubora ya nchi ilikotengenezwa, iwe ya RSB, UNBS, KEBS au TBS, na alama hizo zinapaswa kutambuliwa katika nchi nyingine za Jumuiya. Pakiti isiyo na tarehe ya kukaangwa, uzito, anwani ya mtengenezaji na alama hiyo inaweza kuzuiwa hata kama kilichomo ni bora kuliko chote kilichopo sokoni. Mwenye busara huuliza dawati la habari la mpakani kabla ya kununua mzigo, na hutunza kila risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Bei ya njia za panya

Anayedhani karatasi ni usumbufu tu aangalie Ziwa Kivu. Kwa miaka mingi wakulima wa upande wa Kongo, wakikosa vituo vya kuoshea na kukimbia kodi zisizoisha, walivusha kahawa yao usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda. Ziwa likichafuka, watu walizama pamoja na magunia. Kahawa iliyofika ilipoteza jina lake njiani, ikauzwa kwa bei ya kutupa. Ushirika wa SOPACDI wa Minova, ulioanza mwaka 2003, uliundwa kwa sababu hiyo hasa: kuosha kahawa nyumbani, kuiuza kwa jina lake na kuwatoa watu majini usiku. Miaka michache baadaye kahawa ya Kivu ilianza kununuliwa na wakaangaji wa kahawa maalum wa Ulaya.

Kisa hicho kinaonyesha ni wapi mnyororo na duka maalum zinapotofautiana kabisa kwa mtu wa mpakani. Kahawa iliyopita njia za panya inaweza kuingia katika mchanganyiko wa bei ya chini, kwa sababu hakuna anayeuliza jina lake. Haiwezi kuingia katika duka maalum, maana asili ndiyo inayouzwa humo. Kila gunia linalopita gizani linapoteza ile sehemu ya bei inayolipia jina.

Na mipaka yenyewe haitabiriki. Gatuna ilifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena 31 Januari 2022, na katika miaka hiyo mitatu wafanyabiashara wa Kabale na Gicumbi walijua maana ya kuwa na mnunuzi mmoja tu ng'ambo. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda tena Januari 2024. Goma ilipoingia mikononi mwa M23 Januari 2025, benki zake zilifunga milango na wafanyabiashara wakabaki na fedha taslimu na simu. Kongo imo katika Jumuiya tangu 2022, lakini uanachama haujafuta hatari hizo. Mtu aliyeweka mkataba wa tani na mnyororo akiwa na njia moja ya kupita amebeba hatari ambayo bei haikuihesabu.

Kipi kinalipa?

Februari 2025 wakuu wa nchi zinazolima kahawa barani walikutana Dar es Salaam, na ujumbe ulikuwa kwamba Afrika ipunguze kuuza kahawa ghafi na iongeze kuikaanga na kuinywa. Kauli kama hizo si mpya. Kilichokuwa kipya ni bei. Robusta, ambayo zamani ilikuwa kimbilio la wachanganyaji wa bei nafuu, nayo ilivuka dola 5,000 kwa tani mjini London mwaka 2024. Mnyororo uliotegemea kahawa rahisi haukuwa tena na kahawa rahisi ya kuitegemea. Ulibaki na kupandisha bei, kupunguza kahawa kikombeni, au kutafuta wauzaji wa karibu wenye gharama ndogo ya usafiri. Chaguo la tatu ndilo mlango wa watu wa mpakani.

Kwa mwenye mtaji mdogo, pa kuanzia ni pakiti zilizokaangwa za ushirika unaojulikana, zenye alama ya ubora na tarehe, kwa maduka mawili au matatu yanayolipa papo hapo. Faida kwa kilo ni nzuri, hasara ikitokea haimalizi mtaji, na kila safari inamfundisha lugha ya wanunuzi. Kwa wenye mtaji mkubwa au waliojiunga katika kikundi, mnyororo unafaa, kwa sharti kwamba malipo ya kuchelewa yamewekwa katika bei na kuna njia zaidi ya moja ya kufikisha mzigo.

Mnywaji wa Kigali ataendelea kubishana kama kapuchino ya kwenye jengo la biashara inaishinda ile ya duka la kona. Wote wawili wana hoja. Kwa anayelala ndani ya basi ili awahi soko, bora ajue kwanza kikombe kipi kinamlipa nani, na lini. Mkulima wa Huye au Minova naye anasubiri jibu hilohilo, akiwa na zile faranga zake tisini na mbili.